Shule, Cheti na Mshahara: Somo kwa Anayelipa Ada na kwa Anayepokea Ujira

Somo hili tumeliandika kwa watu wa namna mbili, na mara nyingi watu hao huishi katika nyumba moja. Wa kwanza ni mzazi au mlezi anayekusanya fedha za ada: ameuza iliki, au mikarafuu yake imezaa vizuri msimu huu, au ameanza kuwaza kuuza kipande cha shamba. Wa pili ni mfanyakazi anayepokea ujira kila mwisho wa mwezi na kujiuliza kwa nini mwenzake, aliyeanza naye kazi siku moja, anapokea mara mbili yake. Sote hukagua mizani tunaponunua sukari, na hugonga bati kabla ya kulilipia. Elimu ni ghali kuliko vitu hivyo vyote, na bado aghalabu tunainunua kwa imani tu.

Mfano wetu ni Amani, iliyoko wilayani Muheza, mkoani Tanga, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Tumeichagua kwa sababu tofauti ya mapato kati ya mwenye cheti na asiye nacho inaonekana huko kwa macho, katika eneo dogo, na ina historia ndefu.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo. Waingereza waliiendeleza kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki, na baada ya kazi hiyo kuhamishiwa Muguga, Kenya, majengo yakatumiwa na watafiti wa malaria. Leo urithi huo uko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 1997 msitu wa jirani ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kandokando ya hayo yote yako mashamba ya chai, kama ya Kwamkoro na Bulwa, na vijiji vya wakulima wa viungo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja mlima huo mmoja umekuwa na watu wanaoamka alfajiri ile ile na kuelekea kazi zisizofanana: huyu kwenye darubini na daftari, yule kwenye panga na kikapu cha majani mabichi.

Tusidhani kwamba tofauti ya malipo kati yao ilitokana na elimu tangu mwanzo. Katika enzi za ukoloni kilichotangulia kuamua mshahara wa mtu kilikuwa rangi yake. Mzungu, Mwasia na Mwafrika walikuwa na ngazi zao za malipo, na Mwafrika hodari wa maabara hakuvuka ngazi aliyowekewa. Hata hivyo, ndani ya ngazi hiyo ya chini shule ilianza mapema kutenganisha watu. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wajerumani katika miaka ya mwanzo ya 1890, ilitoa makarani, walimu na maakida, ambao hawakubeba mizigo wala kufyeka mkonge. Neno lenyewe “shule” tumelirithi kwa Wajerumani hao. Pengine ndiyo maana hadi leo, katika pwani yetu, mtu akisema mtoto wake “amesoma”, wasikilizaji huelewa kwamba anazungumzia kazi ya ofisini.

Uhuru ulipokuja, rangi iliondolewa katika ngazi za mishahara na elimu ikachukua nafasi yake. Wasomi walikuwa wachache mno, na nafasi zilizoachwa wazi zilikuwa nyingi. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili na halikumfurahisha. Mwaka 1966, baada ya mgogoro na wanafunzi wa chuo kikuu, alipunguza mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wa juu. Na mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliohoji kwa nini shule iwe ngazi ya wachache kupandia juu ya wengine. Swali hilo lingali hai. Lakini mzazi wa Amani anayeshika bahasha ya ada hawezi kulingoja lijibiwe, naye anahitaji kujua anachokinunua.

Kikapu cha chai na mizani

Hebu tufuate kikapu kimoja cha majani ya chai. Mchumaji huchuma chipukizi, majani mawili na ncha yake, na hulipwa kwa kilo au kwa kipimo cha kazi ya siku. Kasi ya vidole vyake haikufundishwa darasani; bibi asiyejua kusoma anaweza kumshinda kijana wa kidato cha nne kwa kilo kumi. Katika kazi hii shule haiongezi ujira moja kwa moja. Kikapu kinafika kwenye mizani, na hapo yuko karani anayesoma uzito na kuuandika. Yeye amepewa kazi hiyo kwa sababu anaandika tarakimu bila kukosea. Majani yakifika kiwandani yanakuta mwendesha mashine, fundi wa umeme, mtunza tanuri, mwonjaji wa chai, mhasibu. Kila tunapopiga hatua, kosa la mtu mmoja linakuwa ghali zaidi: mchumaji akikosea jani moja hasara ni ndogo, lakini fundi akikosea kiwanda kizima kinasimama na majani yanaoza. Mwajiri humlipa zaidi yule ambaye kosa lake ni ghali, na hutaka ushahidi kwamba hatakosea. Ushahidi huo ndio cheti.

Lakini turudi kwa mchumaji, maana tulimwacha haraka. Ni kweli kwamba shule haimwongezei kilo. Inaweza kumlinda asizipoteze. Anayejua kusoma mizani, kuandika kilo zake katika daftari lake mwenyewe kila siku, na kuzijumlisha mwisho wa mwezi, hawezi kupunjwa kwa urahisi. Faida hii ya elimu haionekani katika takwimu nyingi za mishahara, nasi tunaona ni miongoni mwa faida kubwa kwa mtu wa kipato cha chini. Kwa hiyo mzazi anayesema, “Huyu atachuma chai tu, darasa la nini?” hajapiga hesabu yake vizuri.

Ni ujuzi, au ni karatasi?

Watu wamebishana kwa muda mrefu kama mwajiri hulipia kile mfanyakazi anachokijua au hulipia karatasi tu. Mojawapo ya majaribio mazuri zaidi ya kulijibu swali hilo duniani lilifanywa hapa kwetu. Wanauchumi John Knight na Richard Sabot walitumia taarifa za wafanyakazi wa mishahara wa Nairobi na Dar es Salaam zilizokusanywa mwaka 1980, na mwaka 1990 wakachapisha kitabu kizima juu yake. Walizichagua nchi hizi mbili kwa sababu zilifanana katika mengi, ila katika elimu ya sekondari zilikuwa zimefuata njia mbili tofauti. Kenya ilikuwa imeacha shule za sekondari ziongezeke haraka, zikiwemo za harambee. Tanzania ilikuwa imezibana kwa kufuata makadirio ya mahitaji ya wataalamu, huku ikiweka nguvu katika elimu ya msingi kwa wote.

Wafanyakazi hawakuulizwa tu walisoma miaka mingapi. Walipewa pia mtihani wa kusoma na wa hesabu, na mtihani mwingine wa kupima uwezo wa akili usiotegemea darasa. Matokeo yalikuwa haya: aliyekuwa hodari katika kusoma na hesabu alilipwa zaidi, na kwa tofauti kubwa. Akili ya kuzaliwa peke yake iliongeza kidogo sana. Miaka ya shule peke yake, bila ujuzi, iliongeza kiasi, lakini si kama ujuzi wenyewe. Na jambo la kuzingatia ni kwamba hali ilikuwa hivyo hata miongoni mwa wafanyakazi wa mikono, si makarani peke yao. Maana yake kwa mnunuzi wa elimu ni nzito. Miaka minne ya sekondari ambamo mtoto hakujifunza kusoma kwa ufahamu wala kupiga hesabu ni miaka iliyolipiwa bila bidhaa kupokelewa. Mzazi anayeuliza mwishoni mwa muhula “Umekuwa wa ngapi?” angefaa kuuliza pia, “Nisomee barua hii, unieleze imesema nini.”

Utafiti huo ulionyesha jambo la pili. Nchini Kenya, wahitimu wa sekondari walipokuwa wengi, hawakuweza tena wote kupata kazi za ukarani. Waliofuata walishuka hadi kazi za mikono, na pengo la mshahara kati yao na wa darasa la saba likapungua. Hapa kuna habari njema na mbaya kwa pamoja. Elimu ikisambaa, ukosefu wa usawa kati ya wafanyakazi hupungua, na hilo ni jambo la heri kwa jamii. Lakini kwa kijana mmoja mmoja, cheti ambacho kaka yake alikipatia kazi ya ofisini hakimpeleki yeye mahali pale pale. Bei ya cheti hufuata uchache wake, kama bei ya machungwa ya Muheza: msimu wa neema yanamwagwa barabarani, nje ya msimu yanahesabiwa moja moja.

Hali hii tunaishi nayo leo. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000; tangu Januari 2016 elimu bila ada imefika hadi kidato cha nne, na baadaye kidato cha tano na sita. Cheti cha kidato cha nne, kilichokuwa fahari ya ukoo, sasa ni cha kawaida. Watafiti waliochunguza wafanyakazi wa viwandani wa Kenya na Tanzania katika miaka ya 1990 waliona kwamba malipo ya elimu hayapandi kama ngazi za nyumba, hatua sawa kwa sawa. Hupanda kidogo kidogo katika elimu ya msingi, kisha kwa ukali katika ngazi za juu. Ndiyo kusema, anayesimama katikati ya njia, kwa mfano aliyeacha chuo mwaka wa pili, huwa amelipa sehemu kubwa ya gharama bila kufika panapolipa. Tunaliandika hili kwa mkazo kwa sababu familia nyingi huanza na fedha za mwaka mmoja na kuuachia mwaka wa pili kudra.

Hatari ya neno “wastani”

Msomaji anaweza kusikia redioni kwamba kila mwaka wa shule huongeza mapato kwa asilimia 9. Takwimu hiyo ni ya kweli: ni wastani wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2018. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 140,000, asilimia 9 ni shilingi 12,600 kwa mwezi. Lakini wastani humchanganya daktari bingwa na kibarua, nchi yenye viwanda elfu na kijiji chenye kiwanda kimoja. Mtu aliyezama mtoni hakusaidiwa na kuambiwa kwamba kina cha wastani kilikuwa cha magotini. Tofauti inaweza kuwa kubwa hata kati ya vijana wawili wenye cheti kile kile, wa kijiji kimoja.

Mahali pa kazi pana uzito wake. Kituo cha utafiti kinachoitwa Amani kina makao yake Muheza siku hizi, na kazi zake nyingi za kitaalamu ziliteremka nacho. Kijana wa mlimani mwenye stashahada ya maabara, asiyetaka kuhama, hana pa kuitumia. Stashahada hiyo hiyo ikishuka mlima ina thamani. Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi, familia ijiulize wazi: kazi hii iko wapi, na je, tuko tayari mtoto aifuate? Kama jibu ni kwamba abaki nyumbani, basi huenda ufundi wa pikipiki, useremala, ushonaji, umeme wa majumbani au usindikaji wa viungo ukamlipa kuliko cheti chenye jina refu. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kiwanda kiko wilayani Muheza kwenyewe, na VETA ina chuo mjini Tanga. Hatusemi haya kwa kuidharau stashahada.

Hesabu ya ada

Sasa tuchukue kalamu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, ili msomaji aweke zake. Kijana anapokea shilingi 140,000 kwa mwezi. Anataka kuacha kazi asome kozi ya miaka miwili ambayo ada, vifaa, nauli na kodi ya chumba ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Wengi huishia hapo na kusema gharama ni 2,400,000. Hapana. Kwa miezi 24 hatapokea mshahara wake, nao ni shilingi 3,360,000. Gharama halisi ni 5,760,000. (Chakula hatukukihesabu, kwa kuwa angekula hata kama asingesoma.) Ikiwa baada ya kuhitimu atapata kazi ya shilingi 260,000, ongezeko ni 120,000 kwa mwezi. Gawanya 5,760,000 kwa 120,000: itamchukua miezi 48, yaani miaka minne, kurudisha alichotoa, na yote yatakayofuata ni faida. Kwa mtu wa miaka ishirini, biashara hiyo ni nzuri.

Lakini wahitimu wengi hawapati kazi siku ya mahafali. Akikaa mwaka mmoja akitafuta, huku hana ile kazi ya kwanza, anaongeza shilingi 1,680,000 katika gharama, jumla 7,440,000. Na muda wa kurudisha unakuwa miezi 62. Mwaka mmoja wa kutafuta umekula mwaka na miezi miwili ya faida. Ndiyo maana swali la kwanza kumwuliza msajili wa chuo lisiwe “Ada ni kiasi gani?” bali “Waliohitimu mwaka juzi wako wapi sasa?” Chuo kizuri kitakuwa na majibu, au angalau kitakupa namba za wahitimu wawili watatu uwaulize mwenyewe. Chuo kinachokasirishwa na swali hilo kimekwisha kukujibu.

Kagua pia uhalali. Vyuo vya kati na vya ufundi stadi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Usiridhike na bango lililo langoni. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa ilhali kozi unayouziwa haitambuliwi. Uliza juu ya kozi yenyewe, kwa jina lake na ngazi yake, na uliza mamlaka, si chuo. Kwa fani kama uuguzi, jua kwamba cheti cha chuo peke yake hakitoshi: lazima baraza la taaluma likusajili. Dai risiti ya kila malipo, na masharti ya kurudishiwa ada yawe kwenye maandishi kabla hujatoa senti.

Na kuhusu njia ya mkato, yatosha kukumbusha kilichotokea Aprili 2017, pale uhakiki wa serikali ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wengine wakiwa na miaka mingi ya utumishi mwema. Kisa hicho kinafundisha pia upande wa pili wa mjadala wetu. Miongoni mwao walikuwemo watu waliokuwa wakiiweza kazi. Walikosa karatasi, si ujuzi. Kwa mtu wa namna hiyo iko njia halali. VETA huendesha urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na, akifaulu, hupewa cheti bila kurudi darasani kwa kozi nzima. Fundi mwashi wa miaka kumi na tano asiye na karatasi aulize habari hiyo kabla ya kufikiria mengine.

Mshahara wa barua na mshahara wa mkononi

Tofauti ya mishahara inayosomeka katika barua za ajira si ile inayofika nyumbani. Mfano: mhitimu wa chuo kikuu anaajiriwa kwa shilingi 400,000, na alisoma kwa mkopo wa serikali. Mchango wake wa hifadhi ya jamii, tuseme asilimia 10, ni 40,000. Zinabaki 360,000, katika hizo, 270,000 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato, na 90,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 60,000. Mkononi anabaki na 292,800. Fundi asiye na mkopo mwenye mshahara wa 320,000, kwa hesabu hiyo hiyo, anabaki na 286,560. Pengo la shilingi 80,000 katika barua limekuwa chini ya shilingi 7,000 mkononi. Deni litakwisha siku moja, na ngazi za mhitimu huenda zikapanda juu zaidi. Hatusemi alikosea kusoma. Tunasema tu kwamba anayepanga maisha kwa kutazama mshahara wa barua atashangaa mwezi wa kwanza, na familia inayomtegemea itadhani anaficha fedha.

Sakafu ya sheria

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mshahara huamuliwa na elimu na uchache wake tu. Sivyo. Kuna sakafu ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake, awe anamlipa aliyesoma au asiyesoma. Amri ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo, kutoka 100,000 ya amri ya 2013. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi unapata takriban shilingi 5,385 kwa siku. Amri hiyo hiyo iliweka 592,000 kwa taasisi za fedha, na 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake. Amri hubadilika, kwa hiyo uliza iliyopo siku unayosoma haya.

Tazama tena takwimu hizo. Mfagizi wa benki na mchumaji wa chai wanaweza kuwa wamemaliza darasa moja katika shule moja, lakini katika amri hiyo sakafu ya mmoja ilikuwa zaidi ya mara nne ya sakafu ya mwingine. Elimu haikuwatenganisha; sekta ndiyo iliyowatenganisha. Vivyo hivyo, mara nyingi mwanamke na mwanamume wa darasa moja hawafiki kwenye malipo sawa, kwa kuwa kazi ya mizani na ya mashine hupewa wanaume na ya kikapu huachiwa wanawake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo wa jinsia, na inamtaka mwajiri atoe nafasi sawa. Na msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito ajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni katika mfumo rasmi. Mlango huo bado haujulikani katika nyumba nyingi.

Mfanyakazi ana haki ya kupewa masharti ya ajira yake kwa maandishi, na taarifa ya maandishi ya malipo na makato. Asiyejua kusoma aombe asomewe na mtu anayemwamini. Anayelipwa kwa kilo alinganishe jumla yake ya siku na kima cha siku; ikiwa mara kwa mara inaangukia chini, hiyo ni hoja ya kupeleka kwa chama cha wafanyakazi (katika mashamba, TPAWU) au kwa afisa kazi wa mkoa, aliyeko Tanga. Mgogoro usiopatanishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku hizo zikipita bila sababu ya msingi, haki huweza kupotea hata kama ilikuwa wazi.

Zoezi

Chukua ukurasa wa daftari na uugawe kwa mstari wa katikati. Upande wa kushoto andika kozi ambayo wewe au mtoto wako mnaifikiria: gharama yake kwa miaka yote, si mwaka wa kwanza tu, mshahara utakaokosekana wakati wa masomo, na miezi kumi na miwili ya kutafuta kazi. Jumlisha. Upande wa kulia andika mshahara wa mkononi wa watu watatu unaowafahamu wenye cheti hicho hicho, ukiwemo wa yule ambaye hakupata kazi, na kwake uandike sifuri. Tafuta wastani wa hao watatu, utoe mshahara unaopatikana sasa bila kozi, kisha gawanya jumla ya kushoto kwa jibu hilo. Utapata idadi ya miezi. Fanyeni hesabu hii mkiwa pamoja, mzazi na mtoto, kabla ya muhula wa usajili kufunguliwa, na karatasi hiyo muende nayo chuoni.